Keki ya Boga ya Bibi Latifa

Kila Ijumaa, watu wa mtaa wa Al-Suwaidi wakishatoka msikitini na kula wali wao, Madam Munira alifunga aproni na kuingia jikoni kuoka keki. Na kila Ijumaa, ilipofika saa kumi, Keziah Ayuma alikuwa amesimama kwenye sinki akikwangua bati la keki iliyoungua pembeni na kubaki uji katikati.

Si kwamba Madam Munira alikuwa mvivu. Alikuwa mwalimu wa historia katika sekondari ya wasichana hapo Riyadh, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na kila alichokishika alikifanya kwa bidii ya mtu anayesahihisha mitihani. Alinunua mizani ya jikoni, mashine ya kukorogea, mabati ya kila umbo. Alitazama video kwenye simu huku akiandika daftarini. Hata hivyo keki zilimkataa. Zilipanda kama kichuguu, zikapasuka, kisha zikabonyea zingali ndani ya oveni. Mume wake, ambaye Keziah alimwita baba kama ilivyo katika nyumba nyingi za huko, alikula kipande kimoja kila wiki, akasema ni kitamu, halafu akaomba kahawa nyingi ya kushushia.

Keziah alijua kasoro iko wapi, na alikuwa ameijua tangu Ijumaa ya kwanza. Oveni ile ilikuwa kali kuliko namba zilizoandikwa kwenye kitufe chake. Madam aliukoroga unga mpaka ukavutika kama gundi, kisha akaifungua oveni kila baada ya dakika tano kuchungulia, baridi ikaingia, keki ikaanguka. Lakini Keziah hakusema. Kule Nairobi, katika mafunzo ya wiki mbili kabla ya kusafiri, mwalimu aliwaambia kwamba ukimwona bosi anakosea jikoni mwake, mwache akosee, kwani jiko ni lake. Keziah aliyashika maneno hayo kwa miaka miwili na nusu, na kwa miaka miwili na nusu akala keki mbovu kwa chai yake ya alasiri, akizifikiria keki nyingine.

Maana kwao Chavakali yeye na dada yake Beverly walikuwa waokaji. Walijifunza kwa mke wa pasta, wakafungua kibanda karibu na soko, na kwa miaka sita hakuna harusi wala harambee ya kanisa iliyopita pale bila keki yao. Oveni hawakuwa nayo. Walioka kwenye sufuria nzito, jiko la makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko. Beverly alikuwa mtu wa kuchanganya, Keziah mtu wa moto. Aliweza kusimama nje ya kibanda akipiga gumzo na mteja, na kwa harufu tu akajua kwamba imebaki dakika tatu.

Mwezi wa kumi na moja joto la Riyadh lilivunjika. Kiyoyozi kilizimwa, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba Keziah alisikia saa ya ukutani kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Madirisha yalifunguliwa. Jirani walitandika mikeka barabarani jioni na kunywa kahawa wakiwa wamejitanda mashali. Kwao ilikuwa vuli, msimu wa kupalilia maharagwe kwenye matope, na Keziah alijikuta akitembea nyumba nzima akiimba kwa sauti ndogo bila kujua anaimba nini.

Siku moja katika wiki hiyo Madam alirudi kutoka sokoni amekumbatia boga kubwa la rangi ya machungwa. Akaliweka mezani, akalitazama kama mtu anayetazama deni la heshima. Akamweleza Keziah kwamba mama yake, Bibi Latifa wa Jeddah, alikuwa amehamia nyumba mpya pamoja na binti yake mdogo, Wafaa. Baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, ukoo mzima ungekusanyika kula chakula cha mchana na kuibariki nyumba. Bibi alikuwa ameulizwa kwenye simu anataka aletewe nini, naye akataja kitu kimoja tu: keki ya boga, kama ile aliyokuwa akiioka mwenyewe kila mwaka joto lilipovunjika, kabla mikono yake haijaanza kutetemeka. Akasisitiza kwamba hataki ya dukani. Na Munira, kwa kuwa ndiye mtoto mkubwa, na kwa kuwa ndugu zake wote walikuwa wanasikiliza, alisema ataioka yeye.

Ijumaa iliyofuata alijaribu. Keki ilitoka nyeusi juu, na alipoichoma kisu, boga likachuruzika. Madam alijikalisha kwenye kigoda karibu na gunia la mchele, aproni yake imejaa unga. Hakulia, ila macho yalikuwa mekundu. Akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwa Keziah, kwamba labda mikono yake haina baraka.

Keziah alikuwa na bati mkononi. Aliliweka chini. Aliyakumbuka maneno ya mwalimu wa Nairobi, lakini alishindwa kuvumilia kumwona mtu mzima amekaa hivyo kwa ajili ya jambo ambalo yeye angeweza kulitengeneza.

"Madam," akasema, "mikono yako haina shida. Oveni ndiyo inayokudanganya."

Madam aliinua kichwa. "Umejuaje?"

"Nimeoka keki miaka sita. Nilikuwa ninaziuza."

Madam Munira alimtazama Keziah kana kwamba ndiyo kwanza aingie mlangoni.

"Miaka sita," akasema polepole. "Na miaka hii yote umekuwa ukiosha mabati yangu."

"Ndiyo, madam."

Keziah alingoja karipio. Badala yake mabega ya Madam yakaanza kutikisika. Alicheka kimyakimya mwanzoni, kisha kwa sauti, mpaka akajifuta machozi kwa aproni na kujipaka unga usoni. Aliposhusha pumzi akainuka, akafungua kabati na kutoa bati jingine.

"Halas, basi," akasema. "Nionyeshe."

Keziah alianza na oveni. Alinyunyiza unga kidogo kwenye treya tupu, akaiingiza, akahesabu dakika, akaitoa: unga ulikuwa umeshakuwa kahawia. Akamwonyesha Madam kwamba namba ikisema mia na themanini, moto wenyewe umezidi mia mbili, kwa hiyo ishushwe. Wakalikata boga lililobaki, wakalioka pamoja na maganda yake hadi likalainika, wakalikamua kwa kitambaa safi. Madam alishangaa kuona maji yaliyotoka, nusu bakuli. Wakatia mdalasini na iliki na kungumanga kidogo. Ilipofika zamu ya unga, Keziah alizima ile mashine na kumpa mwiko, akamwambia aukunje taratibu kama anayemfunika mtoto aliyelala, na aache mara tu weupe unapopotea.

Keki ilipokuwa motoni Madam alinyoosha mkono kufungua oveni achungulie. Keziah, bila kufikiri, akampiga kofi dogo mkononi, vilevile alivyokuwa akimpiga Beverly. Kisha akaganda pale pale. Lakini Madam alirudisha mkono wake nyuma ya mgongo kama mwanafunzi aliyekamatwa, akasimama hivyo hivyo, ametulia, mpaka Keziah aliponusa hewani na kusema imeiva.

Ilikuwa imepanda sawasawa, laini, rangi ya dhahabu iliyokolea. Siku hiyo baba alikula vipande vitatu na hakukumbuka kuomba kahawa.

Kuanzia hapo jiko lile likawa mahali pengine. Madam aliporudi kutoka shuleni alipitia jikoni kwanza kabla hajavua viatu. Wakaoka mkate wa tende, biskuti za ufuta, mandazi ya nazi ambayo Madam aliyapenda hadi akayapeleka kwa walimu wenzake. Alikuwa mwanafunzi mzuri, ila mwenye maswali mengi. Jioni moja, wakichambua tende, aliuliza ni nani aliyemfundisha Keziah kukunja unga namna ile. Keziah akamwambia kuhusu dada yake, na kwamba Beverly yuko Jeddah, ni msafishaji katika kliniki moja, anaishi mtaa wa Ghulail na wanawake wengine watatu kutoka Kenya.

Madam aliacha kuchambua. "Yuko Jeddah tangu lini?"

"Huu ni mwaka wa nne."

"Na mmeonana mara ngapi?"

Keziah alisema hawajaonana hata mara moja. Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni karibu kilomita elfu, na mfanyakazi wa ndani hapandi basi akaenda kumtembelea ndugu. Madam akamuuliza kwa nini hakusema, naye akajibu kwa adabu kwamba hakuwahi kuulizwa. Madam Munira alirudi kwenye tende zake.

Kuna jambo ambalo Keziah hakumweleza. Beverly aliondoka Chavakali alfajiri moja bila kumuaga, akaacha ufunguo wa kibanda chini ya mto wa kulalia na barua ya mistari minne. Keziah alikasirika mwaka mzima. Baadaye na yeye akatafuta safari, akaangukia mji mwingine wa nchi hiyo hiyo. Walipigiana simu kila Jumapili, wakaongea habari za kazi, kanisa na bei ya mahindi nyumbani. Ile alfajiri hawakuigusa.

Safari ya Jeddah ilianza Alhamisi baada ya Swala ya Alfajiri. Baba alibaki kwa ajili ya kazi, na gari likaendeshwa na Absalom, dereva wa nyumba hiyo, Mkisii mpole mwenye tabia ya kutaja jina la kila kituo cha mafuta kabla hawajakifikia. Nyuma walipakia mabati, viungo na maboga mawili, kwa sababu Keziah alisema keki ikiokwa Riyadh itafika imekuwa makombo. Afadhali iokwe kule kule. Njia nzima Madam alirudia vipimo kwa moyo, na Keziah akamsahihisha mara moja tu. Keziah hakumwambia Beverly kwamba anakuja. Alikuwa anakwenda kazini, si matembezini, na hakutaka kumtia dada yake matumaini ya bure.

Nyumba mpya ilikuwa kaskazini ya mji, katika mtaa ambao nyumba nyingine zote bado zilikuwa matofali na vumbi. Bibi Latifa aliwapokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye hina kwenye vidole na mikono iliyotetemeka kama majani. Aliuliza kuhusu keki hata kabla ya kuuliza habari za njiani.

Asubuhi ya Ijumaa Keziah aliwasha oveni ya jiko jipya, na taa za nyumba nzima zikazimika. Absalom akaenda kurudisha umeme kwenye boksi. Wakawasha tena, zikazimika tena. Mara ya tatu kikasikika kitu kikilia tap ukutani, na Wafaa akapiga kelele kutoka juu kwamba mtu asiguse kitu. Wakampigia fundi, akasema yalla, yalla, yaani upesi upesi, Jumapili atakuja. Jirani mwenye oveni hakuwepo, kwani jirani mwenyewe hakuwepo. Wafaa, ambaye tangu mwanzo hakuwa na imani sana na keki za dada yake, akasema kwa upole kwamba kuna duka zuri la keki barabara kuu, na mama yao hatajua.

"Atajua," akasema Madam Munira. Akamgeukia Keziah.

Keziah alikuwa ameshatoka kwenda jiko la nje, lile la kupikia wali wa shughuli. Pale palikuwa na jiko la gesi lenye mafiga makubwa, na gesi ilikuwepo. Akarudi akasema kwamba kwao hakuna aliyekuwa na oveni na watu walioana wakala keki. Anachohitaji ni sufuria kubwa, nzito, yenye mfuniko mzito, na kilo tano za chumvi ya mawe ya kutandaza chini ishike moto. Wakatafuta kabati zote. Sufuria za Wafaa zilikuwa mpya, nyembamba, zenye mipako ya kung'aa ambayo chumvi ya moto ingeibabua ndani ya dakika kumi. Mafi, hakuna.

Hapo ndipo Keziah alipoomba ruhusa kupiga simu moja.

"Ninatafuta sufuria nzito ya kuokea," akasema Keziah mara Beverly alipopokea. "Kwenu Ghulail inapatikana wapi?"

Beverly akamuuliza anaitakia nini Riyadh sufuria ya Ghulail.

"Siko Riyadh. Niko Jeddah."

"Jeddah gani?" akauliza Beverly.

Madam Munira, aliyekuwa amesimama karibu, hakujua Kiswahili, lakini aliyaelewa yote. Akampa Absalom ufunguo wa gari. Akamwambia Keziah aende akanunue sufuria, na kama dada yake ana nafasi, aje naye, kwa sababu keki za watu arobaini si kazi ya mikono miwili.

Ghulail ilikuwa na vichochoro vyembamba, maduka yaliyobanana na nguo zilizoanikwa toka dirisha hadi dirisha. Walikubaliana kukutana kwenye duka la vyombo karibu na kinyozi. Keziah alishuka akasimama mlangoni, akapiga simu. Beverly akasema yeye pia yuko mlangoni. Keziah akasema haiwezekani, mlangoni yuko yeye na mama mmoja mwenye miwani. Yule mama mwenye miwani akageuka, simu bado ikiwa sikioni.

Walitazamana. Beverly alikuwa amenenepa, na hiyo miwani hakuwahi kuivaa kwenye simu hata siku moja. Keziah aliitia simu mfukoni. Wakashikana pale pale kati ya mabeseni na birika, wakakumbatiana kwa nguvu hadi mwenye duka akasogeza rafu ya vikombe kando. Absalom, aliyekuwa garini, aligeuza uso upande wa kinyozi na kuusoma ubao wa bei kwa makini.

Walipoachiana, Beverly alijifuta macho kwa ukingo wa mtandio na kuuliza sufuria ya saizi gani. Keziah akaonyesha moja. Beverly akasema ni ndogo. Keziah akasema ile nyingine moto wake hautashikika. Wakabishana dakika kumi nzima mbele ya mwenye duka, mmoja akigonga kitako cha sufuria, mwingine akipima uzito wa mfuniko, wote wawili wakiwa na furaha isiyo kifani. Mwisho wakanunua zote mbili, na duka la jirani wakapata chumvi.

Garini, walipoiacha Ghulail nyuma, Keziah aliitaja ile alfajiri bila kumtazama dada yake. Alisema alipoamka asubuhi ile aliukuta ufunguo kwanza, akadhani dada yake ameenda kununua unga. Alikaa akimngoja mpaka saa tano, ndipo akaiona barua.

Beverly alivua miwani, akaifuta kwa mtandio.

"Nilikuja kitandani kwako," akasema. "Nilisimama pale nikakutazama. Ningekuamsha, nisingeondoka, Kezi. Na ilikuwa lazima mmoja wetu aondoke."

Keziah alifikiri juu ya hilo. Yeye mwenyewe, alipoondoka, alimuaga kila mtu, akalia njia nzima hadi Kisumu, na nusura ateremke. Akanyoosha mkono, akaushika wa dada yake, akauweka mapajani mwake mpaka wakafika.

Jiko la nje lilikuwa limeshaandaliwa. Madam alikuwa amelikamua boga mwenyewe, likakauka kama lilivyotakiwa, na akalionyesha kwa fahari. Keziah akamwaga chumvi ndani ya sufuria, akaweka kitegemeo cha chuma cha kukalishia bati juu yake, akafunika, akawasha moto mdogo. Beverly akakunja mikono ya gauni na kuanza kuchanganya. Hakupima kitu. Madam alijaribu kufuata na daftari lake, kisha akaliweka kando.

Bibi Latifa aliposikia harufu ya iliki aliletwa na kiti chake, akakaa mlangoni. Alimtazama Keziah akizungushia mfuniko kitambaa ili mvuke usidondokee keki, akaanza kucheka peke yake. Akawaambia kwamba mama yake, katika mji wa zamani, kabla oveni hazijaingia nyumbani kwao, alifanya hivyo hivyo, kitambaa na yote, na makaa juu. Yeye akiwa mtoto ndiye aliyepuliza. Akaomba apewe kazi. Beverly akampa kibakuli cha viungo na kijiko, na kwa kuwa mikono yake ilitetemeka, Keziah akakishika kibakuli kutoka chini. Mdalasini ulimwagika kwenye gauni la Bibi, kwenye aproni ya Keziah na sakafuni. Kilichobaki kwenye kibakuli kilichanganyika vizuri.

Keki ya kwanza iliungua kitako. Gesi ile ilikuwa na nguvu kuliko makaa, na Keziah alikuwa amekaa miaka mingi bila kuusimamia moto wa sufuria. Alipoigeuza na kuuona weusi, alihisi aibu ikimpanda shingoni. Madam aliitazama. Kisha akachukua kisu, akakata sehemu iliyoungua, akatafuna kipande cha juu, akasema kwamba nyumbani kwake keki ya namna hii ingehesabiwa ushindi mkubwa. Wote wakacheka, hata Wafaa aliyekuwa amekuja kuchungulia na akaishia kusimama akila makombo. Keziah akaongeza chumvi, akashusha moto hadi ukawa ulimi mdogo wa bluu, akaziweka sufuria zote mbili. Safari hii hakuondoka karibu nazo. Alasiri ilipoingia, harufu ilibadilika, ikawa nzito na tamu, naye akasema, "Sasa," sawia na Beverly. Walikuwa wametamka pamoja.

Waliendelea mpaka zikawa keki sita. Walizipanga kwenye sinia kubwa, wakazipaka krimu na kuzimwagia lozi zilizokaangwa.

Jumamosi nyumba ilijaa. Wanawake walikaa ukumbi wa ndani, watoto wakakimbia ngazi juu na chini, na kondoo na wali vikaliwa. Sinia la keki lilipoingia, Bibi Latifa alikuwa wa kwanza kukatiwa. Alikula taratibu, amefumba macho. Akaomba kipande cha pili. Shangazi mmoja mwenye sauti kubwa akasema kwamba kumbe maneno ya Munira yalikuwa ya kweli, ameoka, tena ameoka vizuri kuliko mama yake.

Keziah alikuwa anagawa chai upande wa pili. Aliinamisha uso kwenye birika. Alijua mambo haya yanavyokwenda, na hakuwa na kinyongo. Keki ilikuwa nzuri na hilo lilimtosha.

"Sikuoka mimi," akasema Madam Munira. Hakupaza sauti, lakini ilikuwa ile sauti ya darasani, na ukumbi ukatulia. "Nilikamua boga. Hizi zimeokwa na Keziah na dada yake Beverly, kwenye sufuria, juu ya chumvi. Keziah ndiye aliyenifundisha mimi kuoka."

Kisha Bibi Latifa, bila kufumbua macho, akasema waletwe wakae, kwani waokaji hawali wamesimama. Beverly aliitwa kutoka jikoni akaja akiwa bado na kitambaa begani. Yule shangazi mwenye sauti kubwa akasogea, akawauliza chumvi ni kilo ngapi, moto ni wa kiasi gani, na je, boga la kopo linafaa. Beverly akasema halifai hata kidogo, kwa Kiarabu kilichonyooka kuliko cha Keziah, na wanawake wakacheka.

Vyombo vilipokwisha kuoshwa, Madam alimwita Keziah kando. Alikuwa ameamua kukaa kwa mama yake hadi Jumatano. Akamwambia Keziah achukue ikama yake, kile kibali cha ukaazi, na nguo za kubadilisha, aende Ghulail akakae na dada yake hadi kesho jioni. Na kwamba kila vuli, Mungu akijalia, watakuja Jeddah, keki iwepo au isiwepo. Keziah alishukuru. Alitaka kusema zaidi, lakini Madam alikuwa ameshageuka kumwambia Absalom asiendeshe kwa kasi.

Chumba cha Beverly kilikuwa ghorofa ya tatu, vitanda vinne na dirisha moja lililotazama uwanja ambapo watoto walikuwa wakicheza mpira. Jua lilikuwa bado halijazama. Wenzake wawili, Velma na Maryann, walikuwa wamerudi kutoka kazini, wakachemsha chai ya maziwa na tangawizi, na keki moja nzima ambayo Bibi Latifa aliwafungia kwenye karatasi ikawekwa juu ya sanduku katikati ya vitanda. Beverly alikata vipande vinene bila huruma. Kisha akachukua simu, akasema ngoja tumpigie mama.

Mama yao alipokea akiwa shambani, jembe begani, amesogeza simu karibu mno kiasi kwamba lilionekana paji la uso tu. Akamsalimu Beverly. Akamsalimu Keziah. Akauliza mmoja hali ya hewa Riyadh na mwingine hali ya hewa Jeddah, akalalamika kwamba leo mtandao umewabananisha kwenye kioo kimoja. Keziah alilaza kichwa chake kwenye bega la Beverly. Mama aliendelea kuongea habari za maharagwe, kisha akajikatiza katikati ya neno. Simu ikasogea mbali, uso mzima ukaonekana, na nyuma yake mawingu mazito ya vuli.

"Kezi," akasema. "Hilo bega ni la nani?"

Beverly alishindwa kujibu kwa kicheko. Waliona jembe likianguka, wakasikia mama akimwita jirani aje aone, aje upesi kabla haijakatika, na huku chumbani Maryann akasogea kwenye kioo na kipande chake cha keki, akisema na yeye anataka kusalimu.